Ua Lisiloshonwa: Mfarishi wa Sanaa na Nguo za Magome za Ituri

Makala haya yanakusudia kuitazama sanaa ya mfarishi usiotandikwa kitandani bali unaotundikwa ukutani kama picha, hususan ile mifarishi inayochora maua ya asili ya nchi ya mshonaji kwa mshono huru wa cherehani. Huenda msomaji wa Kisangani akauliza sanaa hiyo inamhusu nini, kwani chimbuko lake ni Marekani. Hata hivyo, mstari huru juu ya nguo una historia ndefu katika misitu iliyo mashariki ya mji wake, na historia hiyo inatupa kipimo cha uhakiki.

Katika mshono wa kawaida, meno ya cherehani ndiyo yanayovuta kitambaa. Katika mshono huru, meno hayo hushushwa au hufunikwa, na mshonaji huisukuma nguo kwa mikono miwili huku na huko chini ya sindano. Mkono ukikimbia, mishono hurefuka. Ukisita, uzi hurundikana. Sindano, basi, ni kalamu iliyosimama, na karatasi ndiyo inayotembea. Kwa muda mrefu ufundi huu ulidharauliwa kwa kuwa ni wa mashine. Mwaka 1989 Caryl Bryer Fallert alipata tuzo ya juu katika maonyesho ya Paducah, Kentucky, kwa mfarishi wake uitwao *Corona II: Solar Eclipse*, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mfarishi ulioshonwa kwa mashine kushinda huko.

Tatizo letu si mashine, ni ua. Katika mifarishi mingi ya aina hii, kila petali huzungushiwa uzi, mishipa yake ikachorwa, kisha uwanja wote uliobaki ukajazwa mishono midogo ya kujipinda hadi pasibaki nafasi. Ustadi ni mkubwa, lakini tunachopata ni ukurasa wa kitabu cha mimea. Aijuaye hebariamu ya Yangambi, kando ya mto Kongo upande wa magharibi wa Kisangani, ataitambua desturi hiyo: mmea umebanwa, umekaushwa, umepewa jina. Kwa sayansi ni kazi ya heshima. Lakini kahawa ya robusta, ambayo ni mmea wa asili wa misitu hii na uliochunguzwa sana hukohuko Yangambi, haichanui kama ua moja la kuchorwa. Baada ya mvua, vishada vyeupe hufunguka kwa pamoja kwenye vifundo vya tawi, vikanukia, na baada ya siku chache vimenyauka. Hilo ni tukio zaidi ya kuwa umbo.

(Maua yanayozoeleka mjini, kwa kweli, aghalabu ni wageni. Bugenvilia ilitoka Brazili. Hata gugu maji lenye ua la zambarau, linaloelea mbele ya Kisangani, asili yake ni Amerika ya Kusini. Anayetafuta ua la asili asianzie kwenye kile anachokiona kila siku.)

Sasa tuelekee mashariki, kwa barabara iendayo Epulu na Mambasa. Miongoni mwa Wambuti wa Ituri, wanaume ndio waliopondaponda magome ya miti hadi yakawa nguo laini, na wanawake ndio waliozichora, kwa vidole au kwa vijiti, wakitumia maji ya gardenia yaliyochanganywa na mkaa. Gardenia ni mti wenye ua jeupe lenye harufu nzuri, lakini katika nguo hizi mti huo haukuhitaji kuchorwa: umo ndani ya wino wenyewe. Mstari huanza, hukatika, hugeuza njia. Vistari sambamba hujaa upande mmja na upande wa pili ukaachwa mtupu. Robert Farris Thompson aliyahusisha mapengo hayo na utulivu wa msitu na muziki wa Wambuti. Fasiri hiyo inavutia, ila isitupumzishe na kazi ya kuutazama mstari wenyewe, kwani pengo hapa limeamuliwa na mkono wa mchoraji sawasawa na alama.

Mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper, Paris, lilitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo. Sifa zilikuwa nyingi. Lakini Fallert ana jina, mwaka na tuzo, ilhali kwenye nguo ya magome aghalabu tunasoma kabila na msitu tu, kana kwamba msitu ndio uliochora. Mhakiki anayeifananisha sanaa hii na ile asilipite jambo hilo kimya.

Kuhusu pengo, mfarishi una uwezo ambao nguo ya gome haina. Kwa kuwa una tabaka la pamba katikati, sindano inapopita nguo hulala, na isipopita nguo huinuka. Utupu wake hushikika kwa vidole. Wanaojaza uwanja wote kwa mishono wanaulaza mfarishi mzima na kuupoteza uwezo huo. Tawi moja la robusta lingetosha kuonyesha tunachokisema: uzi mmoja wa kijani ukitembea bila kukatwa, ukizunguka kila kifundo na kuendelea, na pale maua yalipo sindano isifike kabisa, kitambaa cheupe kikaachwa kivimbe chenyewe.