Maji ya Flint na Maji ya Ndiva

Nimepata kuitazama sinema ya zamani ya Marekani iitwayo Straight Shooting. Ilitengenezwa mwaka 1917 na kijana wa miaka 23, John Ford, nayo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Haina sauti, maneno machache huandikwa tu kati ya picha na picha.

Kisa chake ni chepesi. Flint, tajiri wa ng'ombe, anataka kuwafukuza wakulima, basi anawazuilia maji. Kijana wa mzee Sims anauawa alipokwenda kuteka. Cheyenne Harry, mpiga bunduki wa kukodiwa, anatumwa kummaliza mzee mwenyewe. Anamkuta akimzika mwanawe. Anaona majonzi ya mzee na ya Joan, binti yake, na kuanzia hapo anageuka.

Hapo ndipo penye ubora wa sinema hii. Harry Carey, aliyemwigiza Harry, hahutubii. Anatazama tu, nasi twamwona mtu akishikwa na aibu. Mapenzi yanayofuata na mapigano ya mwisho ni mambo ya kawaida. Aibu ile si ya kawaida.

Ila nina lawama. Flint hana sababu ila uchoyo, na sinema haituulizi kama ng'ombe wake nao wana kiu. Sisi wa Same hatuwezi kuisadiki hivyo. Huku milimani Upare maji hukusanywa usiku katika ndiva, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Chini tambarareni mvua ni haba, na mfugaji hana ndiva. Amri ya mwaka 1988 iliwaondoa wafugaji katika Pori la Akiba la Mkomazi. Haikuondoa kiu ya mifugo yao.

Nilipokuwa mtoto, baba aliniweka kulinda mfereji siku ya zamu yetu. Akaja kijana mchungaji wa rika langu na ndama wawili. Niliwafukuza kwa mawe, nikasifiwa nyumbani. Yule kijana hakusema neno; alisimama akanitazama, kisha akaondoka na ndama wake. Nimewafundisha walimu miaka mingi habari za haki, na kisa hicho sikukitaja darasani hata mara moja.

Harry alibahatika: aliliona kaburi, akageuka siku ileile. Mimi imenichukua zaidi ya miaka sitini, tena kwa kukumbushwa na sinema bubu. Atakayeitazama asikimbilie bunduki. Akae kwanza pale kaburini.