Newala ya mwaka 1906: tumwamini Weule kwa kiasi gani?

Ukitaka kuandika historia ya Masasi na Newala, utashangaa jinsi safari yenyewe inavyokupeleka mbali na Mtwara. Barua na taarifa za wamisionari wa UMCA, waliofungua kituo cha Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, ziko Oxford. Vitu vingi vilivyokusanywa uwandani viko Leipzig. Na kitabu ambacho karibu kila mtafiti wa eneo hili hukirejea kiliandikwa na Mjerumani aliyekaa miezi michache tu.

Huyo ni Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Kitabu chake, Negerleben in Ostafrika, kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza. Nadhani ni kitabu cha lazima kwa yeyote anayejali historia ya kusini. Ila usikisome kama ushahidi uliokamilika.

Anza na tarehe. Weule alifika 1906. Mwaka mmoja kabla, Maji Maji ilikuwa imewaka, na kituo cha misheni cha Masasi kilichomwa moto. Yeye mwenyewe hakupanga kuja huku: alikusudia kwenda kaskazini, ghasia za huko zikamgeuza njia. Kutoka Lindi alifuatana kwanza na mkuu wa wilaya, Ewerbeck, pamoja na askari. Sasa jiulize, wewe msomaji: kama serikali imetoka juzi tu kuchoma vijiji na kunyonga watu, halafu anakuja mgeni na askari anauliza mila zako, utamjibu nini? Utajibu kifupi. Utajibu yale yasiyo na hatari.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa kitabu ulipo. Weule anaona watu waliotoka vitani, wenye hofu, halafu mara nyingi anaandika kana kwamba hiyo ndiyo tabia yao ya asili. Yaani anampima mgonjwa akiwa kitandani, kisha anatuambia huo ndio urefu wake. Kwenye sayansi tunaliita hilo tatizo la sampuli: kipindi kimoja kigumu hakiwezi kusimama badala ya karne nzima.

Udhaifu wa pili ni sauti. Weule hakuwa anajua lugha za huku. Kule Chingulungulu, kwa Matola, alimtegemea Knudsen, Mnorwei aliyeishi na Wayao muda mrefu. Newala alisaidiwa na Sefu. Kwenye msafara alikuwa na mnyampara wake, Pesa Mbili. Majina haya yamo kitabuni, sifa hiyo tumpe. Lakini jalada la kitabu lina jina moja tu, na hitimisho zote ni za mtu huyo mmoja.

Pamoja na hayo, kuna mahali kitabu kinang'ara: pale anaponyamaza na kuwaacha wengine waseme. Aliwapa watu karatasi na penseli wachore wenyewe, na wapo wapagazi waliomchorea ramani za njia walizozipita. Alirekodi nyimbo kwa fonografu kwenye silinda za nta, akapiga na filamu za ngoma.

Halafu kuna simulizi ya asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alichonga kinyago cha mti, kikageuka mwanamke. Watoto waliozaliwa bondeni hawakuishi. Aliyezaliwa juu uwandani ndiye aliyepona. Kwa hiyo, msijenge mabondeni.

Usiipite haraka simulizi hiyo. Udongo wa uwanda ni wa kichanga, mvua inazama chini na kutokea kwenye chemchemi za mabondeni. Hadi leo mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kwa pampu kutoka Mitema kuyapandisha juu. Kwa nini basi watu wakae mbali na maji hivyo? Bondeni kuna mbu wengi, na ndiko walikopita wavamizi na wakamata watumwa. Vichaka vizito vya juu vilikuwa boma. Simulizi inabeba maarifa ya afya na ya usalama kwa pamoja, na mzee aliyeisimulia alikuwa anajibu swali la kisayansi kwa njia yake.

Kwa hiyo, msomaji wa Masasi, Newala au kwingineko, kisome kitabu hiki ukiwa na maswali matatu. Nani anasema hapa? Mbele ya nani? Mwaka gani? Ukurasa ukiyajibu, uamini zaidi. Usipoyajibu, weka alama ya kuuliza pembeni.

Halafu fanya ambalo Weule hakuweza: uliza kwa Kimakonde, kwa Kiyao, kwa Kimakua, bila askari nyuma yako. Bibi na babu wanaozijua simulizi hizi wanapungua kila mwaka. Wakiisha, toleo litakalobaki ni lile lililoandikwa 1906, na wajukuu zetu watalazimika kulisoma kwa Kijerumani au Kiingereza.