Jitihada na Kudura: Kuusoma Upya Wasifu wa Siti binti Saad

Kila mwaka wanafunzi wetu husoma Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, na kila mwaka insha zao huishia pale pale: Siti alifanikiwa kwa sababu alijitahidi. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliuliza: je, ni wauza vyungu wangapi waliokuwa na sauti nzuri lakini leo hatuwajui? Sikuwa na jibu. Makala hii fupi ni jaribio la kumjibu.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo uliotokana na utumwa. Hakupata elimu, alifinyanga vyungu na kuviuza mjini. Mwandishi hafichi unyonge huo. Anautumia kama kiza kinachoufanya mwanga uonekane, kisha anauegemeza ushindi wa Siti juu ya nguzo mbili: kipawa na tabia njema. Hapo ndipo tunapotofautiana naye.

Tutazame matukio yenyewe. Utumwa ulifutwa Zanzibar mwaka 1897, Siti akiwa kijana. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na Ali Muhsin aliyemfundisha uimbaji. Halafu zikaja kampuni za santuri, na mwaka 1928 Siti na wenzake wakaenda Bombay kurekodi. Lau angalizaliwa miaka 50 kabla, sauti ile ile ingalikufa naye. Kipawa kilikuwa chake. Wakati, mwalimu na santuri hakuvitengeneza yeye.

Baadhi watasema kwamba hoja hii inampunguzia Siti heshima. La hasha. Mlango ulipofunguka aliingia, tena mbele ya watu waliomkejeli kwa nasaba yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; lakini ndio hao hao waliosema jitihada haiondoi kudura. Wasifu huu unakazia methali ya kwanza na kuipita ya pili kimyakimya. Pengine si ajabu. Shaaban Robert mwenyewe alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, wakati ambapo Waafrika wachache sana walipata nafasi hiyo, na alipenda fasihi iwe shule ya maadili.

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya pwani, jambo hili si la kitabuni tu. Darasani mna aliyefundishwa Kiswahili tangu shule ya msingi, na mna aliyeanzia ngeli za nomino hapa chuoni. Wakifanya mtihani mmoja, wa kwanza tunamwita hodari, wa pili mvivu. Nimewahi kuandika neno hilo pembeni mwa karatasi ya mtu, na ninalijutia.

Basi tuendelee kuusoma wasifu huu, kwani ni hazina. Ila kando ya swali “Siti alifanya nini?” tuongeze jingine: “Siti alifunguliwa nini, na nani hakufunguliwa?”