Kamera Iliyosomea Matangani

Wapiga video hodari wa Homa Bay na Migori, wengi wao hawakupita chuo chochote cha filamu. Walisomea matangani. Huku kusini mwa Nyanza mazishi ni shughuli ya siku kadhaa, na wana wa marehemu walioko Mombasa, Doha au Minneapolis hutaka kuona kila hatua: mwili ukipokewa barabarani, mkesha, ibada, hotuba za wajomba, udongo wa mwisho. Kwa hiyo tangu enzi za kanda za VHS amekuwapo kijana mwenye kamera begani akizunguka boma zima, na siku hizi hurusha moja kwa moja kupitia Facebook au YouTube. Shule hiyo ni kali. Mazishi hayarudiwi. Huwezi kumwomba mjane aanze kulia upya kwa sababu betri ilikufa. Aliyedumu katika kazi hiyo hujifunza kubeba betri za akiba, kuchukua sauti ya mhubiri moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya vipaza sauti, kusimama mahali ambapo hawazibi wazee, na zaidi ya yote kuhisi mapema kwamba yule binti aliyekaa kimya tangu asubuhi sasa atasimama aseme.

Nimeanza na matanga kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu ni ya vijana haohao, katika zile siku za wiki zisizo na mazishi: video fupi za kutangaza biashara ndogo. Saluni ya Rongo, duka la vifaa vya ujenzi la Awendo, mama wa siagi ya njugu wa Ndhiwa, nyumba ya wageni ya Mbita. Kazi hii huonwa nyepesi. Mwenye duka husema: simu ninayo, mtoto wangu yuko TikTok kutwa, nimlipe mtu kwa nini? Swali lake ni la haki. Simu haina neno. Simu ya bei ya kawaida leo hutoa picha safi, na fundi aliyeishika humshinda asiye fundi mwenye kamera ya laki tatu. Kinacholipiwa ni jicho lililozoea kungoja.

Nenda ufuo wowote wa ziwa, Sori au Mbita, wakati dagaa wa omena wameanikwa. Omena wang'aa kama bati jipya. Mama mwenye mali ameinama juu yao akiwageuza, na jua limeshapanda. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, huchagua moja kati ya mawili: ama omena wote wanageuka doa jeupe, ama uso wa mama unakuwa kivuli kisicho na macho. Mpiga video mzuri huja saa moja asubuhi jua likiwa chini, humwomba mama ahamie upande ambao mwanga utamgusa shavuni, kisha hufunga kipimo cha mwanga usoni pake na kuwaacha omena wajitafutie. Uso kwanza, bidhaa baadaye. Mnunuzi wa Nairobi anayetaka magunia kumi hahangaikii omena, maana omena wako kila soko. Anahangaikia mtu wa kumkabidhi pesa zake.

Taabu hii ya uso mweusi mbele ya kamera ina historia. Kwa miongo mingi rangi za picha zilizosafishwa katika maabara zilisawazishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Wenyewe waliziita kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia haukutokana na vilio vya watu weusi waliotoka pichani wakiwa macho na meno tu. Ulitokana na watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba matangazo yao hayatofautishi chokoleti ya maziwa na ile chungu, wala mbao hii na ile. Matangazo ya biashara ndiyo yaliyoifumbua filamu macho. Kijana aliyeketi Homa Bay usiku akisahihisha rangi ya ngozi ya mteja wake kwenye kompyuta, akakataa kuipausha ingawa programu imemwekea kitufe cha kupausha, anaendeleza kazi iliyoachwa nusu.

Sauti nayo ina adabu zake. Upepo wa ziwa huvuma kuingia nchi kavu mchana, na simu huunasa kabla haijamnasa msemaji. Kuna bodaboda, kuna mashine ya kusaga, kuna mvua juu ya mabati. Fundi hubana kipaza sauti kidogo kwenye kola, hukivika manyoya ya kuzuia upepo, kisha akishamaliza mahojiano hufanya jambo ambalo wengi hulisahau: hunyamazisha watu na kurekodi kazi yenyewe ikisema. Kisu kikichanja ubavu wa samaki aina ya ngege. Ngege akitumbukizwa kwenye mafuta, ule mlio wa kwanza mkali unaotulia pole pole. Mkasi ukipita kwenye kitenge. Naamini sauti hizi huuza kuliko muziki wowote wa kubandika. Muziki huo una wenyewe, na kila mtu anautumia; mlio wa karai hili ni wa jiko hili peke yake.

Mwaka 2018, mjadala wa samaki waliogandishwa kutoka China ulipopamba moto hata Rais Uhuru Kenyatta akauingilia, wanunuzi wa mijini walianza kuuliza samaki wao katoka wapi. Hapo ndipo thamani ya taaluma hii inapoonekana wazi. Mfugaji wa ngege mwenye vizimba ndani ya ghuba ya Winam anaweza kujibu swali hilo kwa sekunde arobaini: wavu ukiinuliwa, samaki wakirukaruka, mashua ikielekea ufuoni na vilima vya Homa nyuma yake, na mfugaji mwenyewe akitaja tarehe. Hakuna cheti kinachomshawishi mpishi wa hoteli kuliko hicho. Ila ni lazima kiwe kweli. Wavu uwe wake, tarehe iwe ya siku hiyo.

Wazee wa soko hujikinga kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini inamfaa anayepitiwa na mnunuzi awezaye kukigusa kitu kwa mkono. Fundi wa mitumbwi aliyeko kisiwa cha Mfangano hapitiwi na barabara kuu. Viazi vitamu vya Kabondo vina mteja Mombasa asiyejua njia ya Oyugis. Wala watu wa huku si watu wa kuonea haya sifa. Katika ngoma ya ohangla mtu hutoa pesa, muziki unasimamishwa, naye anajisifu, anamsifu rafiki, mkwe, kijiji alikotoka, ndiyo pakruok. Nao ukumbi unamjua msemaji. Anaweza kupamba apendavyo, lakini akijipa ng'ombe asiokuwa nao atachekwa na walioketi meza ya mbele. Video ya biashara inayozunguka katika vikundi vya WhatsApp vya mji uleule iko chini ya sharti hilohilo. Mwoka keki akiweka picha ya keki aliyoiokota mtandaoni, Migori nzima itajua kabla ya jioni.

Ndiyo maana nachoshwa na video zinazoanza juu mawinguni kwa droni, zikateremka juu ya paa, zikamalizika kwa nembo inayozunguka, bila hata mkono mmoja kuonekana ukifanya kazi. Droni ina mahali pake, tena kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini mwenye nyumba ya wageni anayetaka kuwavuta watalii kwenda Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018, atafaidika zaidi na mtu aliyetulia ardhini saa kumi na moja jioni. Saa sita mchana ukuta ni ukuta tu. Jioni kila jiwe lina kivuli chake, na mtazamaji anaona kwamba liliwekwa na mtu aliyelichagua.

Picha zinazotembea zilifika vijijini mara nyingi zikiwa za kufundisha na kuuza vitu vya watu wengine. Mwaka 1935 Waingereza walifungua kituo cha majaribio ya sinema Vugiri, milima ya Usambara. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 na kuzitembeza kwa lori, wakiwaelekeza wakulima namna ya kutunza ngozi na kuweka akiba posta. Baadaye yakaja magari ya sinema ya sokoni, vichekesho vikikatizwa na matangazo ya sabuni. Watu walikaa chini wakatazama. Leo mwanamke wa Sori anarekodiwa Sori, na anayetazama yuko Nairobi.

Na anasema kwa lugha gani? Hapa Migori huwapa wapiga video wake kazi kubwa kuliko miji mingi: Dholuo, Kikuria, Kiluhya, Kisomali cha wenye maduka, na Kiswahili kinachobadilika lafudhi kadiri unavyokaribia Isebania, kwa kuwa ng'ambo ni Sirari na wateja wa Tanzania. Fundi mwerevu humwacha mshonaji aongee lugha inayomtoka bila kusukumwa, kisha huandika Kiswahili chini ya picha. Maandishi hayo humfaa pia abiria wa matatu anayetazama sauti ikiwa imezimwa. Bei nayo iandikwe. Kumwambia mtu "bei njoo inboksi" ni kumpotezea muda mnunuzi aliyekwisha kutumia bando lake kukutazama. Bando ni jambo la heshima katika kazi hii. Mtazamaji ndiye anayelilipia. WhatsApp kwa miaka mingi ilikata video ya stetasi kwenye sekunde 30, na naona kizuizi hicho kimewafundisha vijana wetu uhariri kuliko kitabu chochote: sekunde tatu za kwanza ni mikono kazini, jina la mahali likatajwa mapema, nambari ya kulipia ikakaa mwishoni muda wa kutosha mtu kuinakili.

Heshima nyingine inawahusu wasioomba kurekodiwa. Soko la Migori siku ya gulio limejaa nyuso nzuri, na ni rahisi kuzivuna zote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikubali hivyo. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Biashara ndogo ya huku ikipigwa faini hiyo inafungwa siku ileile. Lakini waliosomea matangani hawakungoja sheria. Walikwisha kujua kwamba kuna mtu wa kumsogelea, kuna wa kuombwa kwanza, na kuna wa kuachwa na huzuni yake.

Ombi langu kwao linahusu kile kinachobaki baada ya klipu kurushwa. Stetasi hufutika baada ya saa 24, na mteja akishapata oda zake hukumbuka biashara, si video. Lakini zile picha ghafi ambazo hazikutumika zina mambo ambayo hayarekodiwi na mtu mwingine yeyote: fundi akiziba mianya ya mtumbwi kwa pamba, mafunzo anayompa kijana wake huku nyundo ikigonga, bei ya ngege ya mwaka huu ikitajwa kwa sauti ya aliyemvua. Msizifute ili kupata nafasi ya harusi ya Jumamosi. Nunueni diski mbili, kwa sababu moja huharibika, na mziweke nyumba mbili tofauti. Kila faili iandikwe tarehe, ufuo au mtaa, kazi inayofanywa, na jina la aliyekubali kurekodiwa. Na mwenye karai au cherehani akija kuomba nakala ya siku yake nzima ya kazi, mpeni yote, hata zile dakika ambazo mikono yake ilikosea na ikaanza upya.