Komeo la Mlango, Mkate na Handaki

Sanamu ya Dedan Kimathi pale Kimathi Street, Nairobi, imeshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Imekuwa hapo tangu 2007. Watu wanakutania hapo, wanapiga selfi, wanaendelea na maisha. Ni sanamu poa, sina ubaya nayo. Ila rekodi za kesi yake zina hesabu nyingine. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amepigwa risasi ya mguu, akafikishwa kortini Nyeri, na mashtaka yaliyompeleka kitanzini yalikuwa mafupi ajabu: kupatikana na bastola moja ya .38 na risasi 6. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Chini ya sheria za Hali ya Hatari, risasi moja mfukoni ilitosha kukuua. David Anderson, katika *Histories of the Hanged* (2005), anahesabu zaidi ya watu 1,000 walionyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu. Wengine walishtakiwa kwa silaha, wengine kwa kuonekana na wenye silaha. Serikali ya mkoloni ilijua vizuri kwamba vita vya Mau Mau vilikuwa vita vya vitu. Nani ana nini, amekipata wapi, na nani amekibeba. Fasihi yetu bado inajivuta kufika hapo.

Somo la fasihi nililokaa nalo kabla ya kuachana na chuo lilikuwa na neno moja kuhusu Mau Mau: kiapo. Kiapo asubuhi, kiapo jioni. Damu ya mbuzi, tao la migomba, laana. Sisemi kiapo hakikuwa na maana, bila hicho hakungekuwa na siri na bila siri hakungekuwa na jeshi. Lakini ukisoma vita kama kiapo peke yake unaishia kuamini mtu aliingia msituni akiwa na roho tu, akapigana na roho tu, akashindwa kwa sababu roho ya mwingine ilisaliti. Na hiyo, ukweli usemwe, ndiyo hadithi Waingereza walipenda pia: watu wa giza na mambo yao ya giza.

Kwa Meru na Embu hasara ni mara mbili. Wino mwingi umeenda Nyandarua, kwa Kimathi. Upande wa Mlima Kenya aliyeongoza mwanzoni alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, na chini ya mlima huo kulikuwa na wapiganaji wa Embu, ambayo wakati huo ilijumuisha Kirinyaga ya leo, na wa Meru. Embu walikuwa na Kubu Kubu. Meru walikuwa na Musa Mwariama na Baimungi. Hawa hawakuacha vitabu vinavyosomeshwa shuleni. Ukitaka kuwafikia kwa hotuba na falsafa, utarudi mikono mitupu. Inabidi uwafikie kwa vyombo vyao.

Na sisi vyombo tunavipenda, tusidanganyane. Tangu Februari 2022 kuna wasee wa Makutano pale Meru wanaofuatilia Ukraine kama ligi: kijiji gani kimechukuliwa, droni gani imepasua kifaru gani, mstari wa mbele umesonga kilomita ngapi. Watakueleza tofauti ya Javelin na HIMARS bila kuangalia simu. Sasa waulize bunduki iliyotengenezwa msituni, huko juu yao tu, ilikuwa inalipuka vipi. Kimya.

Basi, ilikuwa hivi. Mtutu ni kipande cha bomba la maji. Kitako ni mti uliochongwa. Komeo la mlango, lile la chuma la kusukuma, linakatwa na kunolewa ncha, au linafungwa msumari mbele. Unalivuta nyuma dhidi ya springi au blada iliyokatwa kwenye tyubu ya gari, unalinasa. Ukiliachilia linaruka mbele, ncha inagonga kitako cha risasi. Paa. Moja tu, kisha unaanza upya. Ndani ya bomba hakuna ile mifereji ya kuzungusha risasi, kwa hivyo inatoka ikiyumba, na ukitaka kumpata mtu inabidi uwe karibu naye kiasi cha kuona vifungo vya shati. Halafu bomba la maji halikutengenezwa kubeba nguvu ya risasi ya .303 ya jeshi. Wakati mwingine lilipasuka, likamchukua mwenye kulishika.

Upande wa pili kulikuwa na Bren, Sten, magari ya deraya, redio, na kuanzia 1953 ndege za RAF, zikiwemo Lincoln, zile kubwa za kubeba mabomu, zikimwaga mizigo juu ya miti. Mabomu mengi yaliua tembo na nyati. Aliyekuwa na komeo la mlango hakuwa anategemea kushinda hapo. Alihitaji kuvizia mara moja, karibu sana, apate bunduki ya kweli ya askari aliyeanguka. Bunduki ya kwanza ilikuwa ya kutafutia ya pili.

Ukielewa hilo, kitabu cha Itote, *Mau Mau General* (1967), kinabadilika mkononi. Wengi hukisoma kutafuta msaliti au shujaa, kwa sababu baada ya kukamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo alikubali kusaidia mazungumzo ya kujisalimisha, na hukumu ikapunguzwa. Mimi nakisoma kama kitabu cha mtu aliyekuwa King's African Rifles, akapigana Burma, akajua jeshi ni chakula, amri, ulinzi na daftari. Kuna kurasa ambazo hazina msisimko wowote, mpangilio tu, na ndizo ninazoziamini zaidi. Kasoro yake ni ya kawaida kwa majenerali: anaona jeshi kutoka juu. Aliyetafuta bomba, aliyeng'oa komeo kwenye mlango wa nyumba yake, mwanamke aliyemtoa askari risasi mbili huko Nairobi akazificha kwenye unga, hao wanapita kama mvua ya mbali.

Meja Mwangi yuko karibu zaidi na matope. Alizaliwa Nanyuki mwaka 1948, upande wa pili wa mlima ukitoka Meru, kwa hivyo vita vilimkuta mtoto. *Carcase for Hounds* (1974) ina Jenerali Haraka, aliyekuwa zamani mkubwa wa kijiji chini ya serikali, sasa amejeruhiwa na analala pangoni huku msaidizi wake Kimamo akibeba kazi yote. Huko nje Kapteni Kingsley anamsaka. Haraka anataka kichwa cha Chifu Simba, na hilo wazo linaoza naye pamoja na kidonda.

Wako wahakiki waliosema riwaya hii haina siasa, kwamba hatuambiwi hawa watu wanapigania nini. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi na haijawahi kuniingia. Kidonda chenyewe ndicho siasa. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza walizunguka Nairobi kwa Operesheni Anvil, wakazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapeleka wengi kambini. Tunalielezea tukio hilo kama msako wa watu, na lilikuwa hivyo, lakini kijeshi lilikata mrija. Dawa, pesa, risasi na nguo zilizokuwa zikitoka mjini kwenda mlimani zikakauka. Mwangi haelezi hayo, hiyo hesabu ni yangu. Anachofanya ni kukuweka ndani ya pango lenye mvua na mtu ambaye anahitaji sindano moja ya penisilini, na haipo. Hakuna hotuba itakayokuonyesha vita vinavyokufa vizuri kuliko hapo. Waliovaa suruali mwaka wa kwanza walikuja kushona ngozi za wanyama. Ile ngozi ya chui tunayomwonea Kimathi fahari kwenye picha ilianza kama shida ya nguo.

Ninapomkatalia Mwangi ni kwa wanawake. Karibu hawapo. Sasa chakula kinafika pangoni kwa miguu ya nani?

Jibu liko kwenye tamthilia, na liko kwenye mkate. *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ilitoka 1976, ikaja kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*. Mũgo alizaliwa Baricho mwaka 1942, wakati Baricho ilikuwa Wilaya ya Embu. Kimathi wa tamthilia hii ni mkubwa mno kwangu. Anajaribiwa mara nne kama Yesu jangwani na kila mara ana hotuba tayari. Lakini kuna Mwanamke, hana hata jina, ambaye anampa mvulana mkate apeleke, na ndani ya mkate kuna bunduki. Kwa muda huo mdogo tamthilia inaacha kuhutubu na vita vinatembea barabarani, mbele ya askari, ndani ya kitu cha kuliwa. Ningewapa wanafunzi mkate huo wauandikie insha nzima, wasahau hotuba. Nani aliuoka? Unga ulitoka wapi, wakati chakula kilikuwa chini ya ulinzi? Kwa nini anayejua kila kitu hana jina, na anayezungumza sana ndiye ana sanamu?

Kwa sababu Waingereza hatimaye waliuona mkate. Silaha iliyowasaidia kuliko Lincoln zote ilikuwa jembe. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni 1 wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kuzungushiwa seng'enge, na ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la maili 50, karibu kilomita 80, likapandwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa na kuwekwa minara ya walinzi. Wachimbaji walikuwa watu wa hapo hapo, sana sana wanawake, maana wanaume walikuwa kambini, msituni, au upande wa homugadi. Chapati ya mama haikuweza tena kuvuka kwenda kwa kijana wake, na mama ndiye aliyechimba shimo. Kufikia 1955, jeshi lilipoingia mlimani kwa Operesheni First Flute, waliokuwa ndani walikuwa wanawinda chakula kuliko walivyowinda adui.

Itote hakuweza kuliandika handaki, alikuwa ameshakamatwa. Lakini sisi wengine hatuna kisingizio hicho. Vitabu tunavyosomeshwa havikai nalo. Mstari wa mbele wa vita vikubwa kuliko vyote vilivyopiganwa kwenye ardhi hii ulichorwa kwa jembe, na bado tunaandika kana kwamba ulichorwa na bunduki ya jenerali. Riwaya ya handaki, ikiandikwa Runyenjes au Chuka na mtu mwenye sikio la wazee wa huko, ningeilipia kabla haijatoka. Na isiwe na jenerali hata mmoja.

Mwariama na Baimungi hawakukamatwa. Walitoka msituni Desemba 1963, uhuru ukiwa umefika, na ipo picha maarufu ya Mwariama akiwa na Kenyatta. Waliambiwa warudishe silaha. Baimungi alitazama ardhi ilivyogawanywa, hakuona fungu la watu wake, akarudi msituni, na mwaka 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya. Kile chuma kilichokuwa heshima ya kushangiliwa Desemba ya uhuru kilikuwa kimerudi kuwa kosa. Sheria iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki vitabuni hadi 2003, na *Carcase for Hounds*, *Mau Mau General* na ule mkate wa Mũgo vyote viliandikwa ikiwa bado na nguvu.