Mgeni Aliyemweka Mwenyeji

Babu yangu husimulia Vita ya Kagera kila Krismasi, ukoo ukikusanyika nyumbani Bomang'ombe. Anavuka Mto Kagera, anapita Mutukula, Masaka na Lukaya, anaingia Kampala, watu wanashangilia. Tarehe ni Aprili 11, 1979. Hapo anaomba chai. Vitabu nilivyosoma shuleni navyo huishia hapo hapo.

Lakini babu alirudi nyumbani mwaka 1981. Krismasi iliyopita nilimuuliza: baada ya Kampala mlifanya nini miaka miwili? Akanijibu, "Tulibaki kulinda. Wenyewe walituomba. Tungeondoka wangeuana."

Sentensi tatu tu, na ndani yake kuna karibu hoja yote ya serikali ya wakati ule. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kazi yangu ni kusoma hoja za watu na kuzipima. Hii nimeikwepa muda mrefu kwa sababu msemaji wake ni mtu ninayempenda.

Nianze na haki yake. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua, yakapora, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Sina neno dhidi ya kumfukuza. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanyika Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania. Jibu letu lilikuwa kwamba Amin ndiye aliyeanza. Ni kweli. Ila jibu hilo linaeleza kwa nini tuliingia. Halielezi kwa nini tulibaki baada ya Amin kukimbia.

Kwa hiyo kubaki kulihitaji hoja yake, nayo ilikuwa: tumeombwa. Nani alituomba? Kutoka kwetu Boma unapanda Hiace, nusu saa hivi uko Moshi. Hapo Moshi, Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana, wakaunda umoja wao wa ukombozi, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Aprili 13 aliapishwa kuwa Rais. Serikali iliyotuomba tubaki ilizaliwa ardhini kwetu na ikaingia Kampala nyuma ya vifaru vyetu. Hilo peke yake haliifanyi kuwa kibaraka. Tutazame kilichofuata.

Juni 20, baada ya siku 68, baraza lililotokana na mkutano ule wa Moshi lilimwondoa Lule. Watu wa Kampala waliingia mitaani kumdai arudi. Hakurudi, akawekwa Godfrey Binaisa, na jeshi letu likabaki, sasa kwa ombi la Binaisa. Mei 1980 Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikamwondoa Binaisa. Jeshi letu halikumtetea, wala halikuondoka. Wenyeji watatu kwa miezi 13, mgeni yule yule. Mwaliko unaodumu hata mwenye nyumba akitupwa nje, na majirani wakilia barabarani, si mwaliko tena. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inamhusu mgeni wa kawaida. Haisemi utampaje jembe mgeni aliyeshika bunduki, ambaye pia alikuwepo ulipochaguliwa kuwa mwenyeji.

Inabaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo nzito: tungeondoka wangeuana. Jeshi la Amin lilikuwa limesambaratika, polisi hakuna, silaha zimezagaa. Sikejeli hofu hiyo. Lakini tuipime kwa matokeo. Uchaguzi wa Desemba 10, 1980 ulifanyika askari wetu wakiwa bado Uganda. Obote alitangazwa mshindi, wapinzani wakakataa matokeo. Februari 1981 Yoweri Museveni alianza vita ya msituni, na vikosi vyetu vilikuwa havijamaliza kuondoka. Yale tuliyosema tunabaki ili yasitokee yalianza tukiwepo. Na kasoro kubwa ya hoja hii ni kwamba haiwezi kushindwa: pakiwa shwari, ni kwa sababu tupo; pakichafuka, ndiyo maana tunahitajika.

Nyumbani tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Bibi anasema yake haikulegea. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa na sababu nyingi, bei ya mafuta ikiwemo, lakini maelfu ya askari ugenini nao walikula.

Silifukui jambo hili ili kumsuta Nyerere. Nadhani hakuna serikali ya Afrika iliyoingia nchi ya jirani ikiwa na sababu nzuri kuliko yetu. Ndiyo maana linafaa kuwa funzo. Uganda ilikwenda Kongo mwaka 1998 ikitaja usalama wa mpaka. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ilikuwa imeikalia Ituri kijeshi. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, na askari wake walikuwa bado huko zaidi ya miaka kumi baadaye. Serikali ikitaka kubaki, itutajie jambo ambalo likitimia itaondoka. Isipoweza kulitaja, haijatoa sababu.

Nilimweleza babu haya yote, kwa adabu. Alinyamaza hadi chai ikapoa. Kisha akasema kwamba mwaka 1979 Kampala waliwapa ndizi bila kuomba. Mwaka uliofuata mwenye duka mmoja alimuuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Afande, mnaenda lini?"

"Ukamjibuje, babu?"

"Ningemjibu nini? Hata sisi hatukuambiwa."