Kuume na Kike: Insha ya Robert Hertz

Robert Hertz, mwanazuoni wa Kifaransa, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipochapisha, mwaka 1909, insha yake juu ya ubora wa mkono wa kulia. Aprili 1915 aliuawa vitani. Wasomaji wa Kiingereza waliipata insha hiyo mwaka 1960.

Hoja yake ni nyepesi kuieleza, nzito kuipinga. Maumbile yameupa mkono mmoja nguvu kidogo kuliko mwenziwe. Jamii ikaichukua tofauti hiyo ndogo ikaifanya sheria. Kulia kukawa upande wa utakatifu, uhai na mwanamume; kushoto, upande wa unajisi, mauti na mwanamke. Ushahidi mwingi aliutoa kwa Wamaori wa New Zealand, lakini asiousahau msomaji ni ule wa watoto wa visiwa vya Indonesia, siku hizo chini ya Wadachi, waliofungwa mkono wa kushoto ili wasiuzoee.

Mswahili asomapo haya hana budi kuitikia. Lugha yake imekwisha kusema: mkono wa kuume, mkono wa kike. Ila Hertz anapoingia katika lugha ndipo anapojikwaa. Aliona kuwa katika lugha za Kihindi-Kiulaya jina la kulia ni moja, limeenea na kudumu, na la kushoto hubadilika-badilika kwa sababu watu huogopa kulitaja. Kiswahili hakimuungi mkono. Kulia nako kuna majina mawili, na lililoshinda si lile la cheo. Kuume kumebaki kwa washairi na katika vitabu vya dini. Sokoni watu husema kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Mkono umepewa jina la kazi yake, kazi inayotazamana na ile ya mwenziwe, ya kujitwahirisha, isiyotajwa ila kwa ashakum. Adabu ya sinia moja la wali haihitaji nadharia ya utakatifu ili ieleweke.

Ushahidi ambao ungemfaa zaidi hakuufikia. Hati ya Kiarabu, iliyoandikiwa tenzi za pwani, huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono wa kulia huifuata kalamu kwa nyuma na waweza kuupaka wino mbichi. Wa kushoto hutangulia, haugusi neno lililokwisha kuandikwa. Lau maumbile yangeachiwa yaamue, hati hiyo ingekuwa ya wenye mashoto. Hata hivyo chuoni ni mtoto mwenye mashoto aliyepigwa vidole hata akahamisha kalamu.

Na hapo ndipo kasoro kubwa ya insha inapoonekana: mna mikono, hamna mtu. Takriban mtu mmoja katika kila kumi ni mwenye mashoto, na Hertz anawapita upesi. Mwishoni anatumaini mikono yote miwili itafunzwa sawasawa. Mtoto aliyefungwa mkono hakuomba miwili, aliomba wake.

Atakayeitia insha hii katika Kiswahili atakutana na uamuzi tangu anwani. “Kulia” kutaivuta kwenye chakula, au hata kwenye machozi. “Kuume” kunafaa zaidi, maana jambo la Hertz ni cheo. Na kwa kushoto aandike “kike”, hata likiwachukiza wasomaji wa leo, kwani hilo linalowachukiza ndilo Hertz alilokuwa akilieleza.